Uliza Fundi: Sakafu Mpya Inatoa Vumbi, Ina Ufa na Inalia Utupu

SWALI

Assalaamu alaykum. Mimi ni mama wa watoto watatu na ninaishi Wete, Pemba. Mwezi wa Februari tulitia sakafu ya ukumbi, vyumba viwili na jiko. Mume wangu yuko safarini, hivyo kazi niliisimamia mwenyewe. Zege la chini lilikuwa limemwagwa tangu Novemba, likakaa wazi miezi mitatu huku mafundi wa paa wakipita juu yake na matoroli. Siku ya kazi fundi alianza saa nne asubuhi, na hadi saa nane mchana alikuwa bado anachanganya chini kwa chepe, kijana wake akiongeza maji kwa mpira kila mchanganyiko ulipokuwa mzito kuvutika. Mwisho alinyunyiza saruji kavu juu ya sakafu iliyokuwa bado ina maji, akapiga mwiko mpaka ikang'aa, nasi tukafurahi.

Sasa kila nikifagia napata vumbi la kijivu. Karibu na mlango wa jiko, ukipita na viatu, panalia kama pana shimo chini. Ukumbini umetokea ufa kutoka mlango wa mbele hadi chini ya dirisha. Masika nayo yameingia, na kila asubuhi nikinyanyua mkeka wa chumba cha watoto naukuta una majimaji kwa chini. Fundi anasema si neno, ninunue mifuko sita ya saruji aongeze nusu inchi juu ya sakafu yote, au niweke vigae vitakavyofunika kila kitu. Jirani yangu anasema nivunje yote. Fedha si nyingi. Nifuate neno la nani?

Msomaji, Wete

JIBU

Wa alaykumu salaam. Dada yangu, barua yako nimeisoma mara tatu, na jambo la kwanza ninalokuomba ni kwamba usinunue hata mfuko mmoja wa saruji, wala usiruhusu kigae kimoja kuwekwa, mpaka utakapojua ni tabaka gani la sakafu yako lililoharibika. Umenieleza maradhi manne, nayo hayana sababu moja wala dawa moja. Shauri la fundi wako linayafunika yote manne bila ya kutibu hata moja, na shauri la jirani yako linaweza kukuvunjisha sakafu ambayo huenda sehemu yake kubwa ni nzima.

Nasema hivi kwa sababu limenifika. Nilipojenga kwangu Mwera, baraza ya mbele ililia utupu kama linavyolia jiko lako, nami nikakubali ushauri wa kuweka vigae. Haukupita mwaka vigae vikaanza kunyanyuka katikati ya baraza. Nilipokitoa kimoja, kilikuja pamoja na pande la sakafu lililoshikamana nacho vizuri kabisa, unene wa vidole viwili, na zege lililobaki chini lilikuwa laini kama sahani, limefunikwa utando wa vumbi jekundu ambao ningeweza kuuandika kwa kidole. Kigae kilikuwa kimeishika sakafu, ila sakafu yenyewe haikuwa imeshika kitu. Nililipa saruji mara mbili, vigae mara mbili na fundi mara mbili, na sipendi mtu mwingine apite njia hiyo ilhali kugonga kwa sarafu kungetosha kunionya.

Basi wiki hii iulize sakafu yenyewe. Unahitaji kipande cha mkaa, sarafu, msumari wa inchi tatu, kipande cha nailoni na selotepu.

Anza na sarafu. Piga magoti mlangoni pa jiko na ugonge sakafu kila baada ya shubiri moja, ukienda mbele kwa mstari kama mtu anayepanda mbegu. Palipo pazima patatoa mlio mfupi na mkavu, na palipoachana patatoa mlio mpana wa ngoma, na masikio yako yatazoea tofauti hiyo baada ya dakika chache tu. Kila mlio unapobadilika weka alama ya mkaa, kisha unganisha alama zako, utapata ramani ya sehemu zilizoachana na zege. Fanya hivyo nyumba nzima, hata vyumba ambavyo havijakusumbua. Nitashangaa ukikuta jiko peke yake, kwa sababu zege lililokanyagwa miezi mitatu hubeba mchanga, udongo na matone ya lipu, na sakafu inayotiwa juu ya uchafu huo bila ya kusuguliwa, kuoshwa na kupakwa uji wa saruji (saruji iliyokorogwa na maji) huwa imelala juu ya vumbi.

Kwa vumbi tumia msumari. Ukwaruze kwa nguvu ya kawaida, kama unavyoandika kwa kalamu iliyoisha wino. Ukiacha mstari mweupe tu, uso ni mgumu na vumbi hilo ni la juu juu. Ukichimba mfereji na kutoa unga, endelea kukwaruza hapo hapo: ukifikia pagumu baada ya unene wa kucha, maradhi ni ya ngozi, lakini msumari ukiendelea kuzama na mchanga ukimeguka, sakafu yote ya mahali hapo haina nguvu na haitapata nguvu kwa kupakwa chochote.

Sababu ya ngozi hiyo dhaifu umeieleza mwenyewe bila ya kujua, nayo ni mpira wa maji. Saruji huhitaji maji ya karibu robo ya uzito wake ili iungane na kukaza. Maji mengine tunayoyatia ni ya kulainisha kazi tu, na ndiyo maana mfuko wa kilo 50 hufanya kazi vizuri kwa lita 25 hivi, yaani ndoo moja ya lita 20 na robo yake, pamoja na maji ambayo tayari yamo ndani ya mchanga. Yanayozidi hapo hupanda juu yakichukua chembe nyembamba za saruji na mchanga, na yakishakauka huacha vijitundu na utando usio na nguvu. Fundi akinyunyiza saruji kavu juu ya maji hayo, saruji hiyo huyanywa, kwa hivyo uso unang'aa siku hiyo, lakini amefunga juu gamba jembamba lisilofanana na kilichopo chini. Ongeza na jua la kaskazi la saa sita mchana, na ongeza na jambo ambalo katika barua yako yote sikuliona: hukutaja popote kwamba sakafu ilifunikwa au ilimwagiwa maji siku zilizofuata. Maji yalikuwa mengi mno wakati wa kuchanganya na hayakuwepo wakati yalipohitajika.

Ukikuta maradhi ni ya ngozi tu, dawa yake si ya gharama kubwa. Lisugue gamba kwa brashi ya waya au kwa mashine ya kusaga mpaka ufikie pagumu, uoshe, uache pakauke, kisha upake dawa ya maji ya kukazia sakafu yenye sodiamu silikati, mikono miwili au mitatu kwa kufuata maelezo ya chombo. Dawa hiyo huingia kwenye vijitundu na kuungana na chokaa iliyomo ndani ya saruji, ndiyo maana inakaza kwa kweli, tofauti na rangi ambayo itabanduka pamoja na gamba.

Sasa ile nusu inchi. Nusu inchi ni kiasi cha milimita 13, na sakafu nyembamba kiasi hicho, ikichanganywa kwa mchanga na saruji ya kawaida na kutiwa juu ya gamba linalotoa vumbi, itakauka kabla haijakaza, itakunjamana pembeni na kuachana. Sakafu ya kushikamana na zege haifai kupungua milimita 25, nami kwa nyumba zetu napendelea 40. Tena hiyo nusu inchi itainua sakafu, milango yako itakwaruza, na pale jikoni itaongeza mzigo juu ya tabaka ambalo tayari linaelea.

Ufa wa ukumbini ndio unaonipa wasiwasi zaidi. Pitisha kidole kwa kuvuka ufa: upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, zege limezama, na maana yake ni kwamba kifusi cha chini hakikushindiliwa au kilikuwa udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kusinyaa kiangazi. Pande zote zikiwa sawa, huenda ni ufa wa kusinyaa tu, uliotokana na maji mengi na ukumbi mrefu uliotiwa sakafu kwa mkupuo mmoja bila ya kuachiwa mikato, yaani mistari ya kuigawa sakafu vipande. Nyumba haidhuriki kwa ufa wa namna hiyo. Kwa vyovyote usiuzibe sasa. Andika kwa penseli tarehe kwenye ncha zake mbili, pima upana wake mahali palipo wazi zaidi, ukauangalie tena masika yakiisha. Ufa uliotulia huchongwa kidogo kwa patasi, ukasafishwa na kujazwa. Ufa unaoendelea kukua au kuzama unataka sehemu hiyo ifunguliwe, kifusi kitolewe na kirudishwe kwa tabaka zisizozidi sentimita 15, kila tabaka ikinyunyiziwa maji na kushindiliwa kabla ya nyingine, ndipo nailoni na zege jipya la sentimita 10 lifuate. Hapo jirani yako atakuwa na haki, lakini kwa eneo hilo tu.

Kwa majimaji ya chumba cha watoto, ondoa mkeka, kausha sakafu, bandika nailoni ya nusu mita kwa nusu mita ukizungushia selotepu pande zote bila ya kuacha upenyo, na uiache siku nzima, usiku na mchana. Matone yakionekana chini ya nailoni, unyevu unapanda kutoka ardhini, na nakuomba umuulize fundi aliyemwaga zege la Novemba kama aliweka nailoni juu ya kifusi. Nailoni ikilowa juu yake huku chini ni kavu, unyevu unatoka hewani, kwa sababu hewa ya masika imejaa maji na sakafu ni baridi. Hilo linatibiwa kwa kufungua madirisha na kutolaza mkeka chini usiku na mchana. Kama unapanda kutoka chini, vigae vitauhamishia kwenye kuta, nao utakula lipu. Njia ya uhakika ni kuitoa sakafu ya juu ya chumba hicho, kuweka tabaka la kuzuia maji juu ya zege na kulipandisha ukutani, kisha kutia sakafu mpya ya unene usiopungua milimita 50, kwa kuwa hii haitakuwa imeshikamana na zege.

Ukishapata ramani yako, mwite fundi kwa heshima, ikibidi mbele ya mtu mzima wa mtaa au sheha, mtembee naye juu ya alama za mkaa, agonge mwenyewe asikie. Kuwa mkweli kwake pia: kama ninyi ndio mlipunguza mifuko, au zege lilichafuliwa na mafundi wengine mliowaleta, hilo ni lenu. Kutoosha zege, kumwaga maji kwa mpira na kunyunyiza saruji kavu ni lake. Mkishakubaliana andikeni karatasini nani anatoa vifaa, nani anatoa kazi, na sehemu gani.

Siku ya kurekebisha jikoni, nataka usimame pale mwanzo hadi mwisho. Sehemu iliyoachana ikatwe kwa mstari ulionyooka, ukipita alama ya mkaa kwa kiasi cha sentimita 10. Zege lililo chini lichongwe kwa patasi na nyundo mpaka kokoto zionekane, lisuguliwe, lioshwe mpaka maji yatoke meupe, na lilale na maji usiku kucha. Wakati wa kuvunja, mafundi wanyunyize maji na wafunike pua, kwani vumbi la zege huingia mapafuni likabaki huko, na watoto wakae mbali na saruji mbichi kwa sababu huunguza ngozi. Asubuhi maji yaliyotuama yafutwe, upakwe uji wa saruji kwa brashi, na kabla uji huo haujakauka sakafu mpya iwekwe juu yake. Mchanganyiko uwe ndoo moja ya saruji kwa ndoo tatu za mchanga, kwa ndoo ile ile, iliyokatwa juu kwa ubao. Chukua konzi moja uifinye: ikibaki na umbo la vidole vyako bila ya kuchuruzika, maji yametosha; ikitiririka, irudishwe ikaongezewe mchanga na saruji kwa kipimo kile kile. Kilichoanza kukaza kwenye karai kisirejeshewe maji, kitupwe. Kazi ianze alfajiri, au baada ya alasiri jua likishapungua makali.

Uso ukishakaza kiasi cha kutoacha alama ya kidole, utandike magunia yaliyolowa. Wete hayakosekani, yale yale ya karafuu yakishafuliwa yanatosha. Uyamwagie asubuhi, adhuhuri na jioni kwa siku zisizopungua saba, nayo yasikauke hata mara moja. Fundi atakuwa ameshaondoka, na hapa kazi ni yako. Nguvu ya zege hupimwa kwa siku 28, kwa hivyo kama bado unavitaka vigae, visubiri siku hizo zipite.

SWALI

Bafu letu, ambalo pia ndipo tunapotilia udhu, lina sakafu inayorudisha maji mlangoni badala ya kuyapeleka kwenye tundu. Fundi anataka kulijaza saruji upande wa mlangoni. Itafaa?

Msomaji, Fuoni, Unguja

JIBU

Kujaza upande mmoja kutaleta ile ile hadithi ya tabaka jembamba, na pale saruji mpya itakapoishia kwa unene wa karatasi ndipo itakapoanza kumeguka. Toeni sakafu ya juu yote ya bafu, ambalo bila shaka ni dogo, na mtie upya kwa mteremko wa sentimita 1 na robo kwa kila mita, ukielekea kwenye tundu kutoka pande zote. Kwa bafu la mita 2, pembe ya mbali itakuwa juu ya tundu kwa sentimita 2 na nusu, na fundi auvute uzi kutoka pembe hiyo badala ya kukisia kwa macho. Kabla ya kutia sakafu mpya, tumieni nafasi hiyo kupaka dawa ya kuzuia maji na kuipandisha ukutani kiasi cha shubiri moja. Sakafu ikishakaza, mwageni ndoo moja ya maji pembeni mukae muangalie. Maji yakibaki mahali yakatuama, mwambieni fundi kabla hamjamaliza kumlipa.

SWALI

Ni kweli kwamba mchanga wa pwani unaharibu sakafu? Yetu imetoa unga mweupe kama chumvi.

Msomaji, Mkoani, Pemba

JIBU

Ni kweli, na huo unga mara nyingi ni chumvi yenyewe. Huyeyuka ndani ya sakafu, hupanda na unyevu, na maji yakikauka hubaki juu. Chumvi pia huvuta unyevu wa hewani, na palipo na nondo huzitia kutu mpaka zege lipasuke. Mchanga unaoununua, hata wa shimoni, utie kwenye chupa kufikia nusu, ongeza maji na kijiko cha chumvi ya jikoni ili udongo utuame haraka, utikise na uuache saa tatu. Tabaka la udongo litakalokaa juu ya mchanga lisizidi sehemu moja katika kumi ya mchanga wote. Chupa hiyo hupima udongo peke yake. Chumvi iliyomo ndani ya mchanga wenyewe haitaionyesha, kwa hivyo wa pwani usiununue.

Kwa sakafu uliyonayo, unga huo usiuondoe kwa kudeki, maana maji yatauyeyusha na kuurudisha ndani. Uufagie ukiwa mkavu kwa brashi ngumu, uuzoe na kuutupa nje mbali na ukuta, na urudie kila unapotokea. Usipopungua baada ya kiangazi kimoja, bandika nailoni kama nilivyomweleza dada wa Wete, kwani inawezekana maji yanayoileta chumvi hiyo juu yanatoka ardhini.